Kiwanja Kimejaa, Mchanga Umwagwe Wapi?

Kesho ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, simama kidogo upande wa pili wa barabara, mbele ya jengo lolote linaloendelea kupanda, utazame geti lake. Ghorofa ziache kwanza. Subiri tipa la mchanga lifike. Je, kuna mtu anayelipokea, amevaa kizibao cha kung'aa na ameshika bendera, anayewasimamisha wasukuma mikokoteni na bodaboda? Au dereva anapiga honi tu, utingo anaruka chini, anapiga bodi ya gari kwa kiganja, "Njoo, njoo, njoo!", na mama mwenye mtoto mgongoni anapenya kati ya tairi la nyuma na uzio wa mabati? Dakika tano hizo zitakufundisha kuhusu jengo lile mambo ambayo kibao cha mradi hakikwambii.

Leo nataka tuzungumzie saiti. Jengo lenyewe lina msanifu wake, lina mhandisi wake, lina michoro iliyogongwa mihuri. Lakini saiti, pale mahali ambapo kwa mwaka mmoja au miwili watu wanaingia asubuhi na kutoka jioni wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, mara nyingi haina mchoraji. Mwenye mradi amelipia michoro ya vyumba, ya nguzo, ya umeme na ya maji machafu. Mchoro wa kuonyesha mchanga utamwagwa wapi, nondo zitakatwa wapi, mafundi watajisaidia wapi na mpita njia atapita wapi, huo haupo. Uko kichwani mwa foremani. Foremani akiugua malaria, saiti nzima imeugua.

Kule shamba hilo halina madhara makubwa. Mtu anayejenga Chanika au Kibaha kwenye robo eka, akikosea kuweka kokoto, atazihamisha kwa toroli. Mjini hakuna pa kuhamishia. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa zamani kwa ajili ya nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uani nyuma. Leo kiwanja hichohicho kinabeba ghorofa linalogusa ukuta wa jirani kushoto, kulia na nyuma. Uani umeliwa na jengo. Basi mchanga unamwagwa barabarani, kokoto zinaziba mtaro, mbao zinaegemezwa kwenye duka la jirani, na muuza mitumba aliyekuwa na meza yake pale ukutani anasogea hatua mbili katikati ya barabara, mahali ambapo bajaji hupita. Wote hao wamehamishwa na mtu ambaye hakupanga.

Tuanze na nondo, maana nondo haina unafiki. Nondo ya kawaida huja ikiwa na urefu wa mita 12. Fikiria gari lililobeba nondo za urefu huo likikata kona ya Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi. Haliwezi kukata bila kufagia kitu. Nimeona mafundi wakizishusha mtaani na kuzikatia hapohapo kwenye lami, watu wanaruka ncha zake kama wanavuka mifereji. Mkandarasi mwenye mpango hakatii nondo Kariakoo. Anakodi uwanja nje ya katikati ya mji, nondo zinakatwa na kukunjwa huko kwa kufuata mchoro, kila fungu linafungwa waya na kipande cha bati kilichoandikwa namba ya nguzo au boriti yake, kisha linaletwa usiku, likiwa kazi ya kesho tu. Gari linakuwa dogo, kelele za mashine ya kukatia zinabaki huko uwanjani, na jioni hakuna chuma kilichobaki cha kumshawishi mwizi. Uwanja una kodi, ndiyo. Lakini linganisha kodi hiyo na nondo zinazopotea, na siku ambazo mafundi kumi wanakaa wakisubiri gari lililokwama kwenye foleni.

Sasa zege. Hapa naomba ukae nami kidogo kwenye hesabu, kwa sababu watu wengi wanaomiliki majengo hawajawahi kuambiwa uzito wa kitu wanachokilipia. Chukua sakafu ya ghorofa moja yenye mita za mraba 300, unene sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 45 za zege. Ukichanganyia hapohapo, kwa mifuko saba ya sementi kwa kila mita ya ujazo, unahitaji mifuko 315 ya kilo 50, yaani karibu tani 16 za sementi peke yake, mbali na mchanga, kokoto na maji. Vyote hivyo vikae wapi, kwenye kiwanja kisicho na uani? Ukiagiza zege lililochanganywa kiwandani, gari moja hubeba kama mita za ujazo sita mpaka tisa, kwa hiyo unasubiri safari tano hadi nane. Na zege halina subira. Kwa kawaida linatakiwa liwe limeshamwagwa ndani ya saa mbili hivi tangu lilipochanganywa, na kwenye joto letu muda huo ni wa kuuogopa. Anayeijua foleni ya Barabara ya Nyerere hahitaji kuelezwa kwa nini sakafu za katikati ya mji humwagwa usiku au Jumapili. Na ukimwaga usiku, jirani anayelala ghorofa ya pili upande wa pili wa mtaa ana haki ya kuambiwa mapema. Aambiwe siku tatu kabla, kwa karatasi na kwa mdomo.

Kisha uzito. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu tani mbili na nusu. Sakafu yetu ya mfano, siku ile inamwagwa, ni zaidi ya tani 100 za uji mzito zilizobebwa na mbao na mirunda. Mirunda hiyo imesimama juu ya nini? Juu ya sakafu ya chini yake, ambayo pengine imemwagwa wiki moja iliyopita. Zege la siku saba huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu linayotarajiwa kuwa nayo siku ya 28. Kwa hiyo unaweka tani 100 juu ya kijana ambaye hajakomaa, na kama mirunda ya chini yake imeshang'olewa ili ikatumike juu, umemwachia peke yake. Ndiyo maana mpango wa saiti lazima useme mirunda itabaki ghorofa ngapi chini, itang'olewa lini na nani ataweka sahihi. Mirunda mingi ya akiba ni gharama. Fundi anayeombwa aharakishe ataitoa chini aipeleke juu, na hatamwambia mtu.

Wapo watakaoniambia, bwana, huo mpango ni wa nchi zenye pesa. Basi twende New York mara moja. Mwaka 1930, katikati ya mdororo wa uchumi, kampuni ya Starrett Brothers and Eken ilikuwa inajenga Empire State Building kwenye Fifth Avenue, ghorofa 102, mahali ambapo hakukuwa na nafasi ya kuweka hata rundo la matofali pembeni. Waliamua kwamba hakuna kitu kitakachokaa barabarani. Chuma kilifika kwa ratiba, kikapandishwa moja kwa moja. Matofali yalimwagwa kwenye mfereji ulioyapeleka kwenye ghala la chini, yakapakiwa kwenye vigari, vigari vikapandishwa na kusukumwa juu ya reli ndogo zilizotandikwa sakafuni ghorofa kwa ghorofa. Waliweka sehemu za chakula ndani ya jengo lenyewe, ili maelfu ya wafanyakazi wasishuke na kupanda wakitafuta mlo wa mchana. Jengo lilifunguliwa Mei 1, 1931, mwaka mmoja na miezi michache tangu kazi ianze. Sisemi kazi ile haikuua mtu, iliua. Ninachosema ni kwamba reli zile na ratiba ile zilikuwa njia ya kubana matumizi. Utaratibu ulikuwa unawapa pesa, na sehemu ya chakula ni jambo ambalo mama lishe wa Gerezani angeweza kuliendesha vizuri kuliko wao, kama angepewa kona yenye maji, kivuli, na njia isiyopita chini ya winchi.

Tushuke sasa chini, kwenye shimo, maana hapo ndipo Kariakoo imetoa machozi. Jumamosi ya Novemba 16, 2024, asubuhi, jengo la ghorofa nne lilianguka pale kwenye mitaa ya Mchikichi na Kongo. Lilikuwa jengo lenye maduka, lenye wateja, lenye wafanyabiashara waliokuwa wameshafungua. Taarifa za siku zile zilitaja uchimbaji uliokuwa ukifanyika chini yake. Watu takriban 30 walifariki, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya kuchunguza majengo ya eneo zima. Sitaingia kwenye nani alikosa, hiyo ni kazi ya vyombo vingine. Nitasema tu jinsi uchimbaji unavyopaswa kupangwa mahali ambapo kuta zinapumuliana.

Kabla jembe halijagusa udongo, mhandisi anakwenda kwa majirani. Anaingia kila chumba kinachogusana na kiwanja, anapiga picha kila ufa uliopo, anaandika, na jirani anaweka sahihi. Kazi hii inamlinda jirani, na inamlinda mwenye mradi pia dhidi ya jirani atakayedai kesho kwamba ufa wa mwaka 1998 umetokea jana. Juu ya nyufa zinazotia shaka kinabandikwa kipande chembamba cha kioo, ncha zake mbili zikishikwa na plasta, na tarehe inaandikwa. Ufa ukitembea, kioo kinapasuka. Ni kifaa cha bei ya soda, na kinatoa taarifa kabla ya ukuta.

Msingi wa jirani ukiwa juu kuliko shimo lako, huruhusiwi kuufukua wote kwa mara moja. Unachimba kipande kifupi, kama mita moja au zaidi kidogo, unajenga na kujaza zege chini yake, unaacha likomae, kisha unaruka na kuchimba kipande kingine mbali na hicho. Vinavyobaki katikati vinasubiri zamu yao. Ni kazi ya polepole na inamchosha mwenye pesa. Anapiga simu kila siku, "Bado mnachimba tu?" Ndiyo, mzee, bado tunachimba. Na kuna maji. Kariakoo imekaa kando ya bonde la Msimbazi, ukichimba kwenda chini unakutana na maji, na pampu inayotoa maji bila chujio hutoa pamoja nayo mchanga laini uliokuwa umeshikilia misingi ya watu. Anayetazama maji yanayotoka kwenye bomba la pampu, kama ni meupe au yana mchanga, anafanya kazi kubwa kuliko yule anayetazama saa.

Miaka kumi na moja kabla ya jengo lile la Mchikichi kuanguka, Machi 29, 2013, ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilishuka asubuhi. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, na hawakuwa mafundi peke yao. Walikuwamo watu wa jirani, na watoto. Ilisemwa sana baadaye kuhusu idadi ya ghorofa na kibali, na ni haki isemwe. Mimi nabaki na jambo moja dogo la siku ile: waliodhaniwa kuwa ndani ya kifusi walitajwa kwa idadi tofauti tofauti. Hilo ni jambo la saiti. Kibarua anayechukuliwa getini saa kumi na mbili asubuhi kwa malipo ya kutwa, jina lake analijua mwenzake tu, na mwenzake naye yuko chini ya kifusi. Waokoaji wanachimba bila kujua waache lini.

Dawa yake haihitaji kompyuta. Getini kunakuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari una kibati chenye namba. Unaingia, jina lako linaandikwa kwenye daftari, unachukua kibati. Unatoka, unakirudisha. Saa yoyote, msumari ulio wazi ni mtu aliye ndani, awe fundi, mgeni, au mjumbe wa mwenye mradi aliyekuja kukagua amevaa kandambili. Daftari hilohilo ndilo litakalomsaidia kibarua akivunjika mguu, kwa sababu tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake, lakini fidia inaanza na kuthibitisha kwamba siku ile ulikuwa kazini.

Kuhusu kuanguka kutoka juu nitapita haraka, kwa kuwa kila mtu analijua na ndiyo maana linadharauliwa. Ukingo wa kila sakafu uwe na kizuizi cha usawa wa kiuno. Tundu la lifti lizibwe kila ghorofa, na ubao unaoziba tundu lolote sakafuni upigiliwe misumari na kuandikwa, maana ubao uliolazwa tu juu ya tundu ni mtego: mtu anauokota akautumie kwingine, anapiga hatua moja, amekwenda. Chini, upande wa barabara, kuwe na njia ya wapita njia yenye paa la mbao nzito. Wavu wa kijani peke yake unazuia vumbi. Nyundo inayodondoka kutoka ghorofa ya saba hauizuii.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu kuhusu pesa, kwa kuwa naona huko ndiko usalama unakofia, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kupanda jukwaa. Kwenye kile kitabu cha bei wanachokiita BOQ, kabla hujafika kwenye msingi, kuna kurasa za kazi za awali: uzio, ofisi, stoo, vyoo, maji na umeme wa kazi, ulinzi, bima, vifaa vya kujikinga, mtu wa usalama. Mwenye mradi anazifunua, anaona mamilioni, na haoni tofali hata moja. Anauliza, "Hizi ni za nini? Punguza hapa." Mkandarasi naye, anayejua kwamba washindani wake wanne wamekaa nje na bei za chini, amejifunza ujanja wake. Mbele ya kila mstari anaandika neno moja: imejumuishwa. Uzio, imejumuishwa. Vyoo, imejumuishwa. Imejumuishwa wapi? Hakuna ajuaye, na siku ya kununua mikanda ya usalama hakuna fungu la kuinunulia. Mkaguzi akija anakuta helmeti sita zinazozungushwa kati ya watu sitini, zile sita za wageni.

Njia ipo. Mwenye mradi, kwa msaada wa mkadiriaji majenzi wake, anaweka mwenyewe kiasi cha fedha za usalama na mpangilio wa saiti, kiasi kilekile kwa kila anayeomba zabuni, kisichoshindaniwa. Kila mwezi mkandarasi analipwa sehemu yake kwa kuonyesha kitu: uzio huu hapa, vyoo hivi hapa, daftari la mazungumzo ya asubuhi hili hapa. Asiyeonyesha halipwi fungu hilo. Hapo mkandarasi mwaminifu hapotezi kazi kwa sababu ya kuwa mwaminifu. Na wewe unayejenga kwa kumlipa fundi hatua kwa hatua, bila BOQ, unaweza kufanya vivyo hivyo kwenye karatasi ya daftari: pesa ya mabati ya uzio, mirunda ya akiba na choo itoke kwanza, uione imekuwa kitu, ndipo pesa ya msingi ifuate.

Mtu atasema serikali ipo. Ipo, na tena kwa wingi. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, na OSHA wa kuisimamia. Tuna bodi ya makandarasi, bodi ya wahandisi, bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi, na TARURA kwa barabara nyingi za mitaa. Kila mmoja akija anatafuta kibandiko chake. Mkandarasi anakuwa hodari wa kuonyesha vibandiko. Laiti wakaguzi hao wote wangedai karatasi moja ileile, mchoro wa saiti yenyewe, wenye geti, njia ya gari, njia ya mguu, mahali pa mchanga, eneo lisilopitwa chini ya winchi, choo, mtungi wa kuzimia moto na mahali pa kukusanyikia likitokea jambo, na wakautembelea mchoro huo kwa miguu badala ya kuusoma ofisini. Na mchoro huo ubadilishwe kila hatua ya ujenzi, kwa sababu saiti ya kuchimba si saiti ya kumwaga sakafu ya nane, wala ile ya kupiga rangi na kufunga vioo.

Dakika zangu zinaisha, na kuna msikilizaji mmoja, mpangaji, aliyeuliza wiki iliyopita afanye nini: jirani ameanza kuchimba na kwake mlango umeanza kugoma kufunga. Mama, mlango unaogoma ghafla unaweza kuwa umebanwa na ukuta unaosogea. Piga picha leo, uweke na gazeti la leo pembeni ili tarehe ionekane. Nenda serikali ya mtaa upewe barua, na nakala yake ipelekwe kwa mhandisi wa halmashauri, uhakikishe imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muulize foremani wa pale mbele ya mashahidi mhandisi wake ni nani na anakuja lini. Ukisikia ukuta unalia, au plasta inadondoka yenyewe, usianze kuokoa vyombo. Toeni watoto, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, na usiku huo mlale kwa ndugu.